Trilioni saba za bajeti na lango la Gatuna

Alfajiri pale Nyabugogo, kabla basi la Kampala halijawasha injini, mabishano hayakosekani. Siku niliyokuwepo mimi yalianzishwa na jezi ya Arsenal. Kijana mmoja mpakia mizigo alikuwa ameivaa, ina maandishi ya Visit Rwanda kwenye mkono, na mama mmoja aliyekalia robota lake la vitenge akamuuliza kama anajua jezi hiyo imemgharimu yeye mama kiasi gani. Watu wakacheka, kisha wakagawanyika. Mpaka tunapanda basi hakuna aliyekuwa amemgeuza mwenzake.

Hoja zenyewe si ngeni. Mwaka 2018 Rwanda iliingia mkataba wa miaka mitatu na Arsenal, na magazeti ya Uingereza yakautaja kuwa wa pauni milioni 30. Wakosoaji wakauliza inakuwaje nchi inayopokea misaada ilipe klabu ya matajiri. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ikajibu kwamba fedha hizo zinatokana na mapato ya utalii na zinarudi kwa njia hiyo hiyo. Ni kweli mapato ya utalii yamepanda, kutoka dola milioni 438 mwaka 2017 hadi milioni 647 mwaka 2024. Ni kiasi gani cha ongezeko hilo kimeletwa na jezi na kiasi gani kimeletwa na sokwe wa milimani, kila mmoja alisema lake. Novemba 2025 ikatangazwa kwamba ushirikiano na Arsenal ungefikia mwisho msimu wa 2025/26, lakini tayari jina la nchi lilikuwa limeshapelekwa Madrid na Los Angeles. Kwa hiyo mama wa vitenge bado ana la kuuliza.

Mimi sina ugomvi na jezi. Ninachoona ni kwamba tunaibishania kwa sababu inaonekana. Kuna gharama kubwa kuliko hiyo ambayo haina fungu katika kitabu chochote cha bajeti, na wanaoilipa ni watu wa basi lile.

Tuseme kwanza kilicho chake Rais Paul Kagame. Katikati ya miaka ya 2000 serikali yake iliwanyang'anya maofisa magari ya kifahari ikayapiga mnada, wakati majirani bado wanashindana kwa urefu wa misafara. Miaka kumi baadaye John Magufuli alishika njia hiyo hiyo Tanzania: alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015 na shilingi bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Haikuwa ajabu kwamba safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi akiwa rais ilikuwa ya kuja Rwanda, Aprili 2016, na kwamba yeye na Kagame walikutana darajani Rusumo kufungua daraja jipya na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Fedha nyingi za kazi ile zilitoka Japani. Hata hivyo, aliyepita Rusumo ya zamani, akagonga mhuri upande huu, akavuka, akapanga foleni nyingine upande wa pili, anajua kilichobadilika. Matumizi ya aina hiyo dereva wa lori hahitaji kuelezwa na waziri.

Sasa twende Gatuna.

Mwishoni mwa Februari 2019 malori yalizuiwa kupita Gatuna. Sababu iliyotolewa kwanza ilikuwa ujenzi: kituo cha pamoja kinajengwa, malori yapitie Kagitumba. Lakini Wanyarwanda wa kawaida nao walizuiwa kuvuka kwenda Uganda, na kila mmoja alijua jambo lenyewe lilikuwa siasa kati ya Kigali na Kampala, kila upande ukiutuhumu mwingine kwa ujasusi na kuwatesa raia wake. Mpaka ulikuja kufunguliwa Januari 31, 2022. Ni miaka mitatu, kasoro wiki chache.

Kwa miaka hiyo jengo lilikamilika. Maegesho yaliwekwa lami, vyumba vya forodha vikapakwa rangi. Kilichokosekana ni watu. Wachuuzi wa Gicumbi na Burera waliozoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni walibaki na mikopo ya vikundi. Wengine walishika njia za panya, na kuna waliopigwa risasi humo wakafa. Kabale, upande wa pili, maduka yaliyoishi kwa wateja wa Rwanda yalifungwa moja baada ya jingine. Hakuna waziri wa fedha, wa Kigali wala wa Kampala, aliyesimama bungeni akasoma hasara hiyo kama anavyosoma bei ya lami. Jezi ina bei inayojulikana, ndiyo maana tunaipigia kelele. Lango lililofungwa halina risiti.

Hapa ndipo ninapoona kasoro katika namna tunavyopima uongozi. Tangu 2006 mameya wa wilaya hutia saini imihigo, ahadi za utendaji, mbele ya Rais, na baadaye hupangwa kwa alama hadharani: shule ngapi, kilomita ngapi za barabara, kaya ngapi zimepata umeme. Ni utaratibu ambao jirani zetu wengi wanautamani. Lakini meya huulizwa kama soko la mpakani limejengwa. Lango lililo mbele ya soko hilo haliko mikononi mwake, na aliye nalo mikononi hatii saini imihigo mbele ya yeyote. Yeye hupimwa kwa kura, na Julai 2024 kura hizo zilimpa asilimia 99.18. Kwa ushindi wa kiasi hicho, swali kama la Gatuna halipati jukwaa katika kampeni. Linahamia Nyabugogo, linazungumzwa kwa utani na jezi ndiyo inayobebeshwa.

Jirani zetu wa Kenya walilipeleka swali la matumizi barabarani. Juni 2024 vijana waliupinga Muswada wa Fedha mpaka wakaingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Sisemi tuige. Ila wafanyabiashara wetu wenye mizigo Mombasa waliiona siku ile kwa macho yao, na walirudi na maswali.

Na maswali yana sababu. Bajeti ya 2025/26 ni faranga trilioni 7 na ushee, ongezeko la kama asilimia 21 kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya nyongeza imeelekezwa kwenye uwanja mpya wa ndege wa Bugesera na upanuzi wa RwandAir. Wakati huohuo wafadhili kadhaa, Uingereza na Ujerumani wakiwemo, walisimamisha sehemu ya misaada yao mapema 2025 kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Kodi zikapanda: simu zimerudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, vipodozi vimewekewa ushuru, na tozo ya barabara kwenye mafuta, iliyokuwa faranga 115 kwa lita, imegeuzwa asilimia 15 ya bei ya kuingizia. Mfanyabiashara wa Mateus anayeleta simu kutoka Dubai ataiona faida ya Bugesera siku mzigo wake utakaposhuka pale. Mama anayepeleka unga na mayai Goma na kurudi na vitenge hapandi ndege. Yeye anaijua Petite Barrière ya Rubavu: saa ya kufungua, saa ya kufunga, na siku ambazo amri inatoka ghafla na lango halifunguki.

Kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika bungeni, na kamati ya hesabu huwaita wakuu wa mashirika kujieleza kuhusu miradi iliyokwama na vifaa vilivyonunuliwa bila kutumika. Vikao hivyo hutangazwa, na baadhi ya wakubwa wametoka jasho mle. Kama mashine iliyolala ghalani ni hoja ya ukaguzi, kituo cha forodha kilichokamilika kikakaa bila kupitisha mtu nacho ni hoja. Vyama vya ushirika vya wachuuzi wa mpakani vina wanachama, vina daftari la mauzo ya kila siku, na hesabu ya siku zilizopotea vinaweza kuiandika vyenyewe, kwa faranga.

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Makadirio hufika kwa wabunge wiki kadhaa kabla ya hapo, na kamati ya bajeti huyapitia mwezi Mei.

Basi letu lilifika Gatuna asubuhi bado mbichi. Yule mama alishuka, akapanga foleni moja, akapita kwa dakika chache tu.