Kuchora Ramani ya Jeni: Istilahi za Sifa Changamano za Wanyama na Mimea

Katika kufasiri maandishi ya kilimo na ufugaji hutokea mara nyingi kwamba sentensi iliyo kweli katika lugha ya asili hugeuka uwongo ifikapo katika Kiswahili, ingawa kila neno lake limefasiriwa. Mtaalamu huandika kwamba limepatikana eneo la kromosomu linalohusiana na ustahimilivu wa ng'ombe dhidi ya nagana, ule ugonjwa wa mifugo uenezwao na mbung'o. Mfasiri naye huandika kwamba "imegunduliwa jeni ya kinga ya nagana". Bwana mifugo asomaye tafsiri hiyo ana haki ya kumwambia mfugaji kuwa akinunua fahali mmoja mwenye jeni hiyo, zizi lake limesalimika. Fedha zitatoka, fahali ataletwa, na ndama wataendelea kufa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuzieleza dhana za uwanja huu moja baada ya nyingine, na kupendekeza maneno ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyatumia bila ya kuwapotosha wasomaji wao.

Tuanze na neno "sifa". Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipochapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya njegere, alikuwa amechagua sifa zisizo na katikati: mbegu ni ya mviringo au imekunjamana, ua ni la zambarau au ni jeupe. Sifa za namna hiyo hufundishika kwa urahisi, na ndizo zijazazo vitabu vya shule hadi leo. Lakini mkulima hauzi rangi ya ua. Yeye hujali uzito wa gunia, lita za maziwa, siku za kukomaa, na nguvu ya mmea kuvumilia ukame. Na sifa hizi hazigawanyiki katika mafungu mawili. Hupanda na kushuka kidogo kidogo, kama vimo vya watu waliopanga foleni. Wako waliodhani zamani kwamba sheria za Mendel hazizihusu kabisa sifa hizo. Mwaka 1909 Nilsson-Ehle wa Sweden alionyesha katika ngano kwamba jeni kadhaa zikichangia rangi moja ya punje, matokeo yake ni ngazi ya rangi nyingi badala ya rangi mbili. Na mwaka 1918 Mwingereza R. A. Fisher alithibitisha kwa hesabu kwamba jeni nyingi zenye athari ndogo ndogo, zikichanganyika na athari za mazingira, huzaa tofauti zile laini tunazozipima kwa mizani na futi.

Sifa hizi tunapendekeza ziitwe "sifa changamano". Baadhi ya wafasiri huandika "sifa tata", nasi hatukubaliani nao. Jambo tata ni jambo lililofumbana, linalongoja mtu wa kulifumbua; uzito wa ng'ombe haukufumbana, ila umetokana na mambo mengi yaliyochangamana. Walimu wa sarufi wamekwisha kuzoea "sentensi changamano", kwa hiyo neno si geni shuleni. Pale mwandishi anapotaka kusisitiza kwamba sifa hupimwa kwa kiasi, "sifa pimwa" litatosha.

Kuhusu "jeni" hatuna maneno mengi. Neno hilo lilibuniwa na Johannsen wa Denmark mwaka 1909, nalo limekwisha kuvaa nguo za Kiswahili. "Chembe za urithi" ni maneno mazuri kwa hotuba, lakini chembe ni pia punje na ni pia sehemu ndogo ya mwili, na katika maandishi ya biolojia maana hizo tatu hukutana katika ukurasa mmoja na kugombana. "Vinasaba" nalo magazeti yamelitumia mno kwa vipimo vya kumtafuta baba wa mtoto, hata likiandikwa kwa maana nyingine msomaji hufikiri mahakama.

Sasa tufike kwenye "ramani". Msomaji akisikia neno hili hufikiri kwamba mtaalamu ameichungulia kromosomu kwa darubini na kuchora alichokiona. Sivyo. Ramani ya jeni ilitangulia kuchorwa kwa hesabu ya vizazi. Wakati mbegu za uzazi zinapoumbwa, kromosomu iliyotoka kwa baba na mwenzake iliyotoka kwa mama hupangana na kubadilishana vipande. Jeni mbili zilizokaribiana hutengana mara chache. Zilizo mbali hutengana mara nyingi. Alfred Sturtevant, aliyekuwa mwanafunzi katika maabara ya Thomas Hunt Morgan huko New York, ndiye aliyetambua kuwa idadi ya kutengana huko inaweza kugeuzwa umbali, na mwaka 1913 akachapisha ramani ya kwanza, ya jeni sita za nzi mdogo wa matunda. Kipimo chake, ambacho kwa heshima ya Morgan huitwa sentimogani, kwa kukisia ni utengano mmoja katika watoto 100. Basi mfasiri asiandike "urefu wa sentimogani 20" kana kwamba anapima kitambaa. Na aandike "umbali".

Hali ya jeni mbili kurithiwa pamoja kwa kuwa ni majirani tunaiita "uambatano". Juu ya dhana hii ndipo kazi yote ya kutafuta jeni za sifa changamano ilipojengwa, na mfano wake wa kwanza ni mwepisi kiasi cha kumfaa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1923 Karl Sax wa Marekani alizalisha maharage makubwa yenye rangi na maharage madogo meupe, kisha akapima uzito wa mbegu katika vizazi vilivyofuata. Akakuta kwamba mimea iliyorithi rangi ilielekea pia kuwa na mbegu nzito. Je, rangi huongeza uzito? La. Jeni ya rangi ilikaa karibu na kitu kinachoongeza uzito, nayo ikawa kama jiwe la mpaka: halioti mahindi, lakini hukuonyesha shamba la nani liko wapi. Jiwe hilo tunaliita "alama". Sax alikuwa na alama chache tu za kuonekana kwa macho. Tangu mwaka 1980, wataalamu walipopendekeza kutumia tofauti zilizomo katika DNA yenyewe, alama zimekuwa nyingi kiasi cha kutandazwa juu ya kromosomu zote.

Mfano unaotuhusu zaidi sisi wa Afrika ya Mashariki ni ule wa ng'ombe. Katika Afrika ya Magharibi wako ng'ombe wasio na nundu, waitwao N'Dama, ambao huishi na kuzaa penye mbung'o, ilhali Boran wa Kenya, mwenye nundu na umbo kubwa, hudhoofika na kufa. Katika miaka ya 1980 viinitete vya N'Dama vilivyogandishwa vililetwa Nairobi kutoka Gambia, vikapandikizwa katika matumbo ya ng'ombe wa Boran, na ndama waliozaliwa wakakuzwa hapo. Kisha zikazalishwa chotara za kizazi cha kwanza, na hizo zikazalishwa zenyewe kwa zenyewe kupata kizazi cha pili. Kizazi cha pili ndicho hasa kinachotakiwa, kwa kuwa ndani yake vipande vya kromosomu za mababu wawili vimepigwa kama karata, na kila mnyama ameshika mkono wake tofauti.

Wanyama 177 wa kizazi hicho waliambukizwa vimelea vya Trypanosoma congolense, wakapimwa upungufu wa damu, uzito, na wingi wa vimelea damuni. Kwa jumla sifa 16. Kisha alama zao zikalinganishwa na vipimo hivyo. Olivier Hanotte na wenzake, waliochapisha matokeo hayo mwaka 2003, walipata maeneo yanayohusiana na ustahimilivu katika kromosomu 18, miongoni mwa 29 zisizo za jinsia alizo nazo ng'ombe. Hapo msomaji aone mwenyewe neno "jeni", katika umoja, linavyokosa pa kusimama. Ajabu zaidi, katika maeneo 9 nakala yenye manufaa ilitoka kwa N'Dama, lakini katika maeneo 5 ilitoka kwa Boran, yule tuliyezoea kumwita dhaifu. Maana yake ni kwamba huenda ikawezekana kumzalisha ng'ombe atakayewazidi wazazi wote wawili. Na mfasiri aliyeandika "jeni ya kinga ya N'Dama" amekwisha kuifuta habari hiyo, ambayo pengine ndiyo bora kuliko zote katika taarifa nzima.

Tumeandika "ustahimilivu" kwa makusudi. Mwenye kinga haugui. N'Dama huambukizwa, na vimelea huonekana katika damu yake, ila huvidhibiti na damu yake haipungui sana. Akiitwa mwenye kinga, mchungaji ataacha kumtazama.

Neno "eneo" nalo lina sababu. Uchunguzi wa namna hii hauonyeshi nyumba, bali huonyesha kitongoji. Na katika kitongoji hicho mna jeni kadhaa, pengine mamia, ambazo yoyote kati yake yaweza kuwa ndiyo. Mpunga unalieleza jambo hili vizuri. Katika aina moja ya India iitwayo FR13A kulikuwa na uwezo wa kukaa chini ya maji ya mafuriko hata majuma mawili, kisha kuchipua. Katika miaka ya 1990 eneo lake lilipatikana katika kromosomu ya 9, likaitwa Sub1. Ilichukua hadi mwaka 2006 kutangazwa kwamba katika eneo hilo mna jeni tatu za jamii moja, na kwamba mmoja wao, Sub1A, ndio ubebao kazi. Kati ya eneo na jeni ilipita miaka kumi hivi, na tafsiri isiiruke kwa neno moja. Hata hivyo tukiri kwamba mpunga huo ulikuwa na bahati, kwa kuwa eneo moja lilibeba sehemu kubwa ya sifa, na wazalishaji waliweza kulihamishia katika aina zipendwazo na wakulima, kama vile Swarna, kwa kufuata alama tu. Maziwa na uzito havina ukarimu huo.

Yamebaki maneno ya takwimu, ambayo kwa maoni yetu huleta hasara kubwa kuliko yale ya biolojia, kwa sababu yanafanana na maneno ya kila siku. Mtakwimu akisema kwamba uhusiano fulani si wa bahati nasibu, mfasiri huandika kwamba uhusiano huo ni "muhimu". Athari ndogo isiyomfaa mfugaji hata kidogo yaweza kuthibitika kwa wanyama wengi. Umuhimu wake ni suala jingine kabisa. Tunapendekeza "uhusiano uliothibitika kitakwimu". Vile vile, tukisoma kwamba eneo fulani "linaeleza asilimia 15 ya tofauti", maana yake ni kwamba kati ya tofauti zilizopo baina ya wanyama wa kundi lile lililopimwa, katika mazingira yale, sehemu hiyo inafuatana na eneo hilo. Si asilimia 15 ya ng'ombe, wala si asilimia 15 ya kilo zao. Na katika kundi jingine hesabu yaweza kuwa nyingine. Mfasiri asiliache neno "tofauti" kwa kutaka kufupisha.

Makini atakuwa amehesabu kwamba 9 na 5 hazitimizi 18. Katika maeneo 4 yaliyobaki, mnyama aliyerithi nakala moja kutoka kila upande alielekea kuwazidi waliorithi nakala mbili za upande mmoja, wawe wa N'Dama au wa Boran. Dhana hiyo bado haina jina tunaloridhika nalo. "Utawala" limekwisha kuchukuliwa kwa jeni inayoifunika mwenzake, na "utawala mno" linachekesha. Wafugaji wetu, ambao wamechanganya koo za mifugo kwa karne nyingi, hawakosi kuwa na neno lao kwa ndama anayewashinda wazazi wake. Tungependa kuletewa maneno hayo, pamoja na jina la mahali yanaposemwa.