Kioo Kimezima, Amana Imo Ndani

Asubuhi ya Alhamisi moja, mweka hazina wa chama cha akina mama wa madrasa yetu alifika mapema ili achape orodha ya mgao. Aliwasha kompyuta ya mezani kama alivyozoea. Taa ndogo ya kijani iliwaka, feni ikavuma, lakini kioo kikabaki cheusi tititi. Alizima, akawasha tena; hali ikawa ile ile. Mgao ulikuwa uwe Jumamosi, na hesabu ya miaka minne, nani ametoa, nani amekopa na nani amerudisha, ilikuwa ndani ya mashine ile peke yake, kwani daftari la karatasi tulikuwa tumeliacha.

Kufikia adhuhuri habari zilikwisha kutoka nje ya ua wa madrasa. Wengi walisema ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Lakini walikuwepo waliouliza, kwa sauti ya chini, vipi mashine ife siku mbili kabla ya mgao. Mama yule aliyasikia, wala hakujibu. Alikaa barazani amejifunika buibui lake mpaka ilipoadhiniwa alasiri.

Tulilipeleka kasha mjini kwa fundi. Hakufungua hata skurubu moja. Alituambia bodi imeungua, mashine ni kuukuu na haina dawa, naye yu radhi kulichukua kasha kama chuma chakavu na kutuuzia jingine. Tulipomuuliza kuhusu hesabu zilizomo, alisema hizo tuzisahau. Tulilibeba kasha letu tukarudi nalo. Jioni ile, baada ya sala ya isha, tuliketi pamoja na kijana mmoja aliyesoma kwetu zamani na sasa anajifunza ufundi wa umeme, tukaanza upya, bismillahi.

Jambo la kwanza alilotufahamisha kijana ni hili: kioo ni mjumbe tu. Mjumbe akinyamaza haina maana kwamba aliyemtuma amekufa. Hesabu, barua na picha hazikai katika kioo, wala hazikai katika bodi; zinakaa katika diski, kisanduku cha chuma kinachotosha kiganja, ambacho kwa kawaida hufungwa kwa skurubu nne ndani ya kasha. Kioo kinaweza kuzima na bodi ikaungua, na diski ikawa salama kabisa.

Kisha akatutaka tujue aliyenyamaza ni nani, kioo au kasha. Tuliuchomoa waya wa picha, ule wenye kichwa cha buluu na vipini vyembamba 15, tukakiwasha kioo peke yake. Kikaandika maneno yake yenyewe ya kwamba hakipokei kitu. Basi kioo kizima. Tungeliona giza hata hapo, tungelitazama waya wake wa umeme, soketi yake, na kidude cha kuongeza mwangaza ambacho watoto hupenda kukichezea. Tulitazama vilevile kama kuna kipini kilichopinda, na kama waya umechomekwa mahali pake. Makasha mengine yana matundu mawili ya picha, moja la bodi na jingine la kadi ya picha. Pakiwapo kadi, mara nyingi lile la bodi hulala. Twamjua bwana mmoja aliyekaa wiki nzima bila kompyuta kwa sababu hiyo tu, baada ya nyumba kupakwa chokaa na waya kurudishwa tundu siyo.

Kosa lilikuwa katika kasha. Hapa twawasihi wazazi: umeme wa nyumba zetu ni volti 240, nao hauna mzaha. Chomoeni waya ukutani kwanza, si kuzima swichi tu, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa muda kidogo ili umeme uliobaki umalizike. Kabla ya kugusa kitu ndani, shikeni kwanza chuma cha kasha ili umeme ulioganda mwilini utoke, kwa kuwa huweza kuua vipande vilivyo laini. Na lile sanduku dogo la chuma linaloingiza umeme, lenye feni kwa nyuma, lisifunguliwe abadan. Hata likiwa limechomolewa, ndani yake huweza kubaki umeme wa kumdhuru mtu.

Tulipoufungua ubavu wa kasha tulikuta vumbi, nyuzi za mkeka na mjusi mkavu. Sisi wa pwani tuna adui mwengine asiyeonekana: hewa yetu ina unyevu na chumvi. Inavyokula madirisha ya chuma ndivyo inavyovitia utando vipini vya mashine, hasa vya ramu, vile vipande virefu vyembamba vinavyoshika kazi ya mashine kwa muda ikiwa macho. Ramu isiposhikana sawasawa na tundu lake, feni itavuma, taa itawaka, na kioo kitabaki cheusi.

Kijana alivichomoa vipande vyote viwili vya ramu, akarudisha umeme, akawasha. Kasha likalia: mlio mrefu, ukanyamaza, ukarudi. Sisi tulidhani tumeliharibu zaidi. Yeye akacheka, akasema huo ndio mlio aliokuwa akiutafuta. Bodi iliyokufa hailalamiki. Ikilia kwamba haina ramu, basi yenyewe iko hai. Tulifurahi kama wanaongoja nje ya chumba cha uzazi wakasikia mtoto analia. Lakini milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na kasha lisilo na kipaza sauti kidogo ndani halilii hata likiwa zima, kwa hivyo kimya peke yake si hukumu.

Akazima, akachomoa waya, akachukua raba nyeupe ya mtoto wa shule, akavisugua pole pole vipini vya rangi ya dhahabu na kupangusa mabaki yake mbali na bodi. Akatia kipande kimoja tu, akakikandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vikajifunga. Tukawasha. Kioo kikafunguka. Saa ilionyesha mwaka wa nyuma sana, maana betri ya saa, ile ya duara mfano wa sarafu yenye volti 3, ilikuwa imekwisha. Bei yake ni ndogo, na katika baadhi ya mashine za zamani nayo ikifa huweza kukizuia kioo kisiwake. Kipande cha pili cha ramu kilipotiwa, giza likarudi; hicho ndicho kilichokuwa kibovu, tukakitupa.

Ingelikuwa kipande kimoja hakikuitika wala cha pili, katika tundu hili wala lile, tungelitazama vile vijipipa vidogo vilivyosimama juu ya bodi. Vikivimba vichwa au kutokwa na maji, kama ilivyozifika mashine nyingi zilizotengenezwa mapema miaka ya 2000, hiyo ni kazi ya fundi, na huenda asemapo bodi imekwisha awe anasema kweli.

Na hapa tuna neno na akina mama. Mashine ya nyumbani haina hesabu tu. Mna picha za harusi, za mabinti wakiwa vichwa wazi ndani ya nyumba zao, mna barua za mume aliye safarini. Fundi anayetafuta kwa nini kioo hakiwaki haihitaji diski. Ikiwa bodi na ramu ni nzima, kioo kitaonyesha maandishi ya mwanzo hata kama diski haimo. Basi itoeni kwanza, au mwambieni mwana au ndugu aitoe, muiweke kabatini, ndipo kasha liende dukani. Ikiwa kasha halikupona, diski hiyo hufungwa katika mashine nyingine au hutiwa katika kijumba chake cha waya, na vilivyomo vikasomwa. Hatusemi mafundi wote hawana sitara. Wengi ni vijana wetu, nao ni waadilifu. Lakini hata mwaminifu haachiwi kilicho cha faragha pasipo haja.

Usiku ule kijana hakukubali tuzime mpaka hesabu zote zimenakiliwa katika flashi mbili na kuchapwa. Mweka hazina alikabidhiwa karatasi alfajiri ya Ijumaa. Siku ya Jumamosi alizisoma mwenyewe mbele ya akina mama wote, jina baada ya jina, toka mwaka wa kwanza, ingawa hakuna aliyemuomba asome zaidi ya mwaka huu. Ilichukua karibu saa mbili, na hakuna aliyeondoka. Alipomaliza, mmoja wa waliokuwa wakinong'ona alikwenda akamshika mkono, wakatoka pamoja.