Paka Akitoka Kupigana, Tafuta Tundu Dogo

Paka hupigana zaidi usiku. Unasikia mlio mrefu juu ya mabati au nyuma ya ukuta wa uani, kishindo, halafu kimya. Asubuhi paka wako yuko mlangoni, ncha ya sikio imechanika na pua ina mkwaruzo. Unampangusa damu, unampa dagaa, anakula, unajiambia kwamba yamekwisha. Siku ya tatu au ya nne hataki chakula, amejibanza chini ya kitanda, na ukimgusa shingoni anang'aka. Wenye paka wengi huja kliniki siku hiyo, wakati siku iliyofaa zaidi ilikuwa ile ya kwanza.

Hawachelewi kwa kutojali. Wanachelewa kwa sababu jeraha walilolitazama silo lenye hatari. Sikio likichanika hutoa damu nyingi na kutisha, lakini jeraha lililo wazi huoshwa na damu yake yenyewe, na mara nyingi hupona bila shida kubwa. La kuogopwa ni tundu la milimita mbili hivi lililojificha chini ya manyoya, ambalo pengine halikutoa hata tone la damu. Ukilipata mapema, matibabu huwa mepesi na ya bei nafuu. Ukilikosa, paka ataugua vibaya na wewe utalipia upasuaji.

Kinachotokea chini ya ngozi

Chonge za paka ni nyembamba, ndefu na zimechongoka. Zinapouma hufanya kazi ya sindano: zinatoboa ngozi, zinafika kwenye nyama na kuacha bakteria humo. Vinywa vya paka wengi, hata walio wazima kabisa, vina bakteria aitwaye Pasteurella multocida, pamoja na wengine wanaostawi mahali pasipo na hewa. Jino likishachomoka, ngozi ya paka iliyo laini na legevu hujifunga upesi, mara nyingi ndani ya siku moja tu. Bakteria wanabaki humo ndani, kwenye joto na damu. Mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupambana nao, na mabaki ya mapambano hayo ndiyo usaha. Kati ya siku ya pili na ya tano, jipu huwa limeshatunga.

Mahali lilipo tundu hutegemea namna paka wako alivyopigana. Aliyemkabili mwenzake ana kwa ana huumwa kichwani, mashavuni, shingoni na miguu ya mbele. Aliyekimbia huumwa kwenye shina la mkia, kiunoni na mapajani. Hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Saa za kwanza

Ukiwakuta bado wanapigana, usiwaamue kwa mikono. Wamwagie maji au gonga sufuria kwa nguvu. Hata baada ya kutengana, paka wako atakuwa bado amejaa hofu na anaweza kumng'ata hata aliyemlea tangu utotoni. Mtie kwenye chumba kimoja tulivu, funga madirisha, mwekee maji na sanduku la mchanga, kisha mwache atulie, nusu saa au zaidi.

Akishatulia, mzungushie khanga au taulo, kichwa kikiwa nje, na umkague karibu na dirisha lenye mwanga. Macho peke yake hayatoshi, papasa. Anzia nyuma ya masikio, shuka shingoni, pita mabegani hadi miguu ya mbele, kisha mgongoni mpaka shina la mkia, ukipeleka ncha za vidole kinyume na ulalo wa manyoya. Tafuta kigaga kidogo kilichoshikanisha manyoya, mahali penye unyevu, au mahali ambapo akiguswa anashtuka. Ukigusa kigaga, tenganisha manyoya taratibu. Chini yake utaona doa jekundu, na mara nyingi sentimita moja na kitu kando yake kuna jingine, maana chonge hukaa mbilimbili.

Punguza manyoya ya mahali hapo kwa mkasi wenye ncha butu. Chemsha nusu lita ya maji na kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kisawazishwe kisijae kupita kiasi, kisha uyaache mpaka yawe vuguvugu. Chovya kitambaa safi na uoshe tundu kwa dakika chache. Usilifunge kwa bandeji wala plasta, kwa kuwa kulifunga ni kuwasaidia bakteria.

Baada ya hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama anakula na kucheza. Antibiotiki ikianza ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi jipu halitungi kabisa. Usaha ukishajikusanya, dawa peke yake haifiki ndani yake vizuri, na lazima jipu lipasuliwe. Madaktari wengi katika miji yetu hutibu zaidi ng'ombe na kuku, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama anatibu paka na kama ana dawa zao.

Zipo dalili zisizosubiri hata saa moja: kupumua kwa shida au kwa mdomo wazi, fizi zilizopauka, damu isiyokoma baada ya kubanwa na kitambaa kwa dakika tano, tundu kifuani au tumboni, na jicho lililofumbwa au lenye ukungu. Ukucha ukikwaruza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, paka anaweza kupoteza jicho kwa siku chache. Usimtie dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi, ambayo huzuia kidonda cha jicho kupona.

Dawa za nyumbani zinazoua

Nasisitiza jambo hili kuliko yote, kwa sababu paka wengi hupona meno ya shume wakafa kwa dawa waliyopewa kwa huruma. Usimpe paracetamol kwa kipimo chochote. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu. Sumu inayobaki huharibu damu isiweze kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huharibu figo na kutoboa tumbo.

Dawa za kusafishia zile zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa zina viambato vya jamii ya fenoli, ambavyo ini la paka pia halivimudu. Akilamba manyoya anaimeza sumu hiyo. Spiriti na peroksaidi huunguza nyama changa inayojaribu kuota. Mafuta ya taa na mafuta machafu ya gari, yanayopakwa sana kwenye vidonda vya wanyama mitaani, hulambwa na kuingia tumboni na mapafuni.

Antibiotiki zilizobaki za mtoto au za ng'ombe ziache pia. Vipimo vyake havimfai mnyama wa kilo nne, na nyingine zina madhara ya pekee kwa paka. Kidonge cha doksisaiklini, kwa mfano, kikimezwa kikavu hukwama njiani na kuchoma umio.

Jipu likishatunga

Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi; likipita 39.5, ana homa. Mahali palipoumwa huwa pagumu na pa moto, kisha hulainika na kubonyea. Daktari atampa dawa ya usingizi, atanyoa, na kupasua upande wa chini wa jipu ili usaha uteremke wenyewe. Unaotoka huwa mzito, wa rangi ya krimu au wenye damudamu, na harufu yake hujaza chumba. Kisha ataosha shimo mpaka maji yatoke safi, na kuliacha wazi. Wenye paka hushangaa hapo na kuuliza mbona hashoni. Kidonda cha aina hii hupaswa kupona kuanzia ndani kuja nje. Ngozi ikitangulia kufunga, usaha hujikusanya upya, na baada ya wiki moja mko palepale.

Jipu likijipasukia lenyewe nyumbani, paka hupata nafuu ya ghafla na anaweza kuomba chakula siku hiyohiyo. Bado anahitaji kuoshwa na kupewa dawa.

Kazi ya kuuguza ni yako. Mara mbili au tatu kwa siku, weka juu ya kidonda kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi, kisha ufute uchafu unaotoka. Mvalishe kola pana ya plastiki shingoni asilambe, maana ulimi wa paka una miiba midogo inayochubua, na mate yake yana bakteria walewale. Mpe dawa mpaka dozi iishe. Asitoke nje mpaka kidonda kifunge, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Sababu mojawapo ni nzi. Katika joto la pwani, nzi wakitaga mayai kwenye kidonda chenye usaha, funza wanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Kikague asubuhi na jioni.

Mlishe hata kidogo. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, ambao huua. Samaki aliyechemshwa na supu yake ya vuguvugu huamsha hamu. Isiwe na kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya paka, wala chumvi.

Virusi vinavyopita kwenye jino

Mbali na kidonda chenyewe, yapo mambo mawili ya kufuatilia. La kwanza ni virusi vya upungufu wa kinga vya paka, vilivyogunduliwa mwaka 1986 huko California na Niels Pedersen na Janet Yamamoto. Huenea hasa kwa kung'atana sana, na ndiyo maana madume wanaozurura na kupigana huathirika zaidi. Haviambukizi binadamu. Mpime paka miezi miwili hivi baada ya ugomvi, kwa kuwa mapema zaidi kipimo kinaweza kukudanganya. Akikutwa navyo, usikate tamaa. Wengi huishi miaka mingi wakitunzwa ndani na majeraha yao yakitibiwa mapema.

La pili ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, lakini paka naye huupata na kuupitisha. Paka wako akiwa na chanjo, mwambie daktari ameumwa na paka asiyejulikana ili amwongeze dozi. Kama hajawahi kuchanjwa, fuata maelekezo ya daktari kuhusu kumtenga na kumchunguza. Wewe mwenyewe ukiumwa au kukwaruzwa, na paka wako au shume, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kidole kilichoumwa na paka huoza haraka kuliko watu wanavyodhani, na chanjo ya kichaa cha mbwa husaidia kabla ya dalili, si baada yake.

Kupunguza ugomvi wenyewe

Madume hupigania mipaka na majike. Kumhasi dume kuanzia umri wa miezi mitano au sita hupunguza sana kuzurura na kupigana, ingawa kwa aliyekwisha komaa matokeo huchukua wiki kadhaa. Jike naye afungwe kizazi. Mlaze ndani, maana saa za giza ndizo saa za ugomvi. Usiache makombo na matumbo ya samaki uani, kwa kuwa ndiyo yanayowaita wageni.

Naye shume anastahili kufikiriwa. Ana njaa, hana chanjo, na pengine ana jipu lake lisilo na wa kulitibu. Kumwekea sumu ni ukatili usio na faida: paka wa majirani nao huila, na nafasi iliyoachwa huchukuliwa na mashume wengine baada ya muda mfupi. Mtaa ukichangishana kuwahasi na kuwachanja mashume wake, ugomvi hupungua na vitoto visivyo na mwenyewe hupungua. Paka wako anakuwa salama zaidi, na vilevile watoto wanaocheza na kila paka anayepita.