Masharti ya Afya Darasani: Nani Afanye Nini?

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 kutangazwa Kinshasa, Rais wa Jamhuri alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu katika nchi nzima. Siku hizo Kivu Kaskazini na Ituri zilikuwa bado hazijatoka katika Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Madarasa ya mwisho yalirudi Agosti 2020. Tarehe 18 Desemba yote yakafungwa tena, hadi tarehe 22 Februari 2021. Halafu ikaja mpox, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mashariki mwa Congo hahitaji kuelezwa bidoni la maji mlangoni ni kitu gani. Ameshapita mbele yake mara nyingi, pamoja na karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani. Lakini ni wachache waliowahi kuelezwa kwa nini sharti hili lipo na lile halipo, na ni wachache zaidi waliojiuliza kama karatasi yenyewe inaeleweka. Makala hii inajaribu kujibu yote mawili. La kwanza ni jambo la afya. La pili ni kazi yetu sisi tunaosoma lugha.

Kila ugonjwa una mlango wake

Masharti ya darasani yanafuata njia ambayo ugonjwa unapita. Ukijua njia, sharti linajieleza lenyewe.

Ebola hupita katika damu, matapishi, kuhara na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza, na dalili huanza kati ya siku 2 na siku 21. Ndiyo maana wakati wa Ebola tulipimwa joto kila kizuizi, tuliacha kupeana mikono, tulinawa kwa maji yenye klori, na waliomgusa mgonjwa walifuatwa kwa siku 21. Kipimo cha joto mlangoni kilikuwa na maana, kwa sababu mtu asiye na dalili alikuwa bado si hatari kwa jirani yake wa benchi.

Covid ni tofauti. Virusi vyake hutoka na pumzi na matone ya mdomoni, na mtu anaweza kuviambukiza siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya. Wengine hawajisikii vibaya kabisa. Kipimo cha joto kinakamata wachache tu. Waliobaki wanaingia na kuketi. Hapo kinacholinda ni hewa: madirisha wazi, watu wachache katika chumba kimoja, pua na mdomo vimefunikwa, vipindi vifupi. Na darasa la lugha lina hatari yake, maana anayesema kwa sauti kubwa hutoa matone mengi kuliko anayesema polepole. Zoezi la kurudia maneno kwa pamoja, watu hamsini wakiitikia, lingefaa kufanywa nje chini ya mti.

Mpox nayo hupita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kwa nguo, shuka au vifaa vilivyogusa vidonda. Katika somo la kawaida hatari si kubwa sana. Katika mafunzo ya ushonaji, ya uuguzi au ya michezo hatari inapanda, kwa sababu watu wanaazimana vazi la kazi, wanalala kwenye kitanda kimoja cha mazoezi, wanashikana. Sharti kubwa hapo ni kila mtu na vazi lake, kitanda kufutwa kila baada ya mtu, na mwenye vipele kubaki nyumbani, hata kama vipele vimefichwa na nguo.

Wakati Covid ilipoingia, watu wa Goma, Beni na Butembo walikuwa wameshazoea masharti ya Ebola. Lilikuwa jambo jema: mikono ilinawiwa bila kubishana. Lakini mazoea hayohayo yanaweza kudanganya. Mtu akishanawa na kupimwa joto anajiona amemaliza, kisha anaingia katika chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya vumbi la barabarani.

Hesabu ya mlango na ya chumba

Masharti mengi yanashindwa kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Tuchukue darasa la watu 60 linaloanza saa mbili asubuhi. Kunawa mikono vizuri kwa sabuni, tangu kulowesha hadi kukausha, kunahitaji kama sekunde 40. Kwa robine moja, watu 60 wanahitaji dakika 40. Hakuna atakayesubiri hivyo. Watu watasongamana mlangoni, na foleni ya kunawa itakuwa ndiyo msongamano tuliotaka kuuepuka. Au watalowesha vidole viwili na kupita. Kwa robine nne, kazi inaisha kwa dakika 10. Maji nayo yahesabiwe: kila mtu akitumia nusu lita, zinahitajika lita 30, yaani bidoni moja na nusu la lita 20, na hiyo ni asubuhi tu.

Chumba nacho kina kipimo chake. Katika chumba cha mita 6 kwa 8, tukimwachia mwalimu mita 2 mbele na tukiacha njia ya kupita, tunapata mistari 6 ya watu 5 wanaoachana kama mita moja. Hao ni watu 30. Darasa la watu 60 lazima ligawanywe makundi mawili, na mwalimu afundishe mara mbili. Ni nani atamlipa saa za ziada? Karatasi ya masharti isiyojibu swali hilo imeandika umbali ambao hautakuwepo.

Neno linalomficha mtenda

Sasa tuje kwenye lugha. Sharti la kawaida kwenye kuta zetu linaandikwa hivi: «Madirisha yafunguliwe. Meza zisafishwe. Umbali uheshimiwe.» Sarufi yake haina kosa. Lakini kauli ya kutendwa ina desturi ya kumficha mtenda. Madirisha yafunguliwe na nani? Mwalimu anafikiri ni mlinzi, mlinzi anafikiri ni wanafunzi, wanafunzi wanamsubiri mwalimu. Ukiandika «Mwalimu afungue madirisha yote kabla ya wanafunzi kuingia», umempa mtu kazi na saa ya kuifanya. Tofauti ya kisarufi ni ndogo. Tofauti ya hewa chumbani ni kubwa.

Neno «homa» ni mtego wa pili. Kwetu, mtu akiwa na joto mwilini husema ana malaria, na mara nyingi yuko sahihi. Kwa hiyo akisoma «Mwenye homa asije darasani», anajisemea: hii si ile homa yao, hii ni malaria yangu ya kila mwaka. Anameza vidonge viwili na anakuja. Hajavunja sharti kwa ukaidi. Amelisoma jinsi neno linavyotumika nyumbani kwao. Sharti lingesema: «Ukiwa na joto mwilini, hata ukidhani ni malaria, baki nyumbani.» Na liongeze kwamba hatapoteza pointi. Aliyelipa minervali kwa shida, na anayejua kwamba kukosa kipindi ni kukosa pointi, atakuja hata akitetemeka. Hakuna neno zuri la Kiswahili litakalomzuia kama kanuni ya mahudhurio inamsukuma.

Mtego wa tatu ni maneno yaliyotafsiriwa kutoka Kifaransa cha ofisi bila kuuliza yananukaje. Mtu mwenye dalili ambaye bado hajapimwa aliitwa «mshukiwa». Katika Kiswahili cha redio na cha polisi, mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kuiba au kuua. «Atengwe» nalo ni neno ambalo Wakristo wengi wanalijua kutoka kanisani: anayetengwa ni mwenye dhambi aliyekatazwa meza ya Bwana. Weka hayo mawili pamoja, «mshukiwa atengwe», halafu uone kama kuna mwanafunzi atakayeinua mkono na kusema kwamba kichwa kinamuuma. «Mwenye dalili asubiri katika chumba cha pembeni» ni maneno marefu zaidi, lakini hayamfanyi mgonjwa kuwa mhalifu.

Kuna pia swali la barakoa. Kwenye pwani ya Zanzibar na Oman, barakoa lilikuwa vazi la uso la wanawake kabla ya kuwa kifaa cha hospitali. Ni neno la Kiswahili bora, na lina haki yake. Lakini huku kwetu watu husema «kashe-ne», kutoka Kifaransa. Mwandishi wa sharti asichague upande kwa kiburi cha darasani. Aandike yote mawili mara ya kwanza, kisha aendelee na moja. Katiba inatambua lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na Kifaransa kama lugha rasmi. Darasa moja la mafunzo linaweza kuwa na watu wa zote tano. Karatasi moja haitoshi kila mahali. Mchoro wa mtu mwenye kashe-ne hauhitaji tafsiri.

Vaa na vua, funga na fungua

Jambo la mwisho ni la fonolojia, na linahusu masharti yanayotolewa kwa mdomo. «Vaa» na «vua» ni jozi mlinganuo finyu: vokali moja tu inatenganisha amri mbili zinazopingana. Kwa kawaida macho husaidia masikio. Kwenye «vua» midomo inaviringika, kwenye «vaa» mdomo unafunguka. Lakini mwalimu aliyefunika mdomo ameficha msaada huo, na kitambaa kinapunguza pia ukali wa sauti. Aliye kwenye benchi la nyuma anabaki kubahatisha.

Ndivyo ilivyo kwa «funga» na «fungua». Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwa kiambishi kidogo cha -u- inageuza tendo kuwa kinyume chake. Ni utajiri wa lugha, lakini katika chumba chenye kelele ni udhaifu: «funga madirisha» na «fungua madirisha» zinakaribiana mno. Dawa yake ni rahisi. Mwalimu atumie vitenzi visivyofanana: «vaa» na «ondoa», «funga» na «acha wazi». Na mkono uoneshe kile ambacho mdomo unasema.

Karatasi moja ya mfano

Tukiyaweka pamoja hayo yote, sharti jema lina mtenda, lina saa, lina kitendo kimoja kinachoonekana, na linasema anayelifuata hatapoteza nini. Hapa kuna mfano wa darasa la watu 60 lililogawanywa makundi mawili, wakati wa ugonjwa unaopita kwa pumzi. Kila mmoja anaweza kuurekebisha kulingana na mahali pake.

1. Nyumbani: ukiwa na joto mwilini, kikohozi kipya au vipele, hata ukidhani ni malaria, baki nyumbani. Mpigie C.P. wa darasa. Hutapoteza pointi, na utapewa somo la siku hiyo.
2. Saa moja na nusu: C.P. na wenzake wawili wajaze bidoni za maji na waweke sabuni kwenye robine zote nne.
3. Saa moja na dakika arobaini na tano: mwalimu aache madirisha na mlango wazi. Vibaki wazi hadi mwisho wa kipindi.
4. Mlangoni: nawa mikono kwa sabuni, vaa barakoa (kashe-ne), ingia. Salimia kwa mdomo au kwa kuweka mkono kifuani.
5. Ndani: keti kwenye alama ya chokaa. Usiihamishe meza.
6. Kila baada ya dakika 45: wote watoke nje kwa dakika 10.
7. Mazoezi ya sauti na ya kuitikia: mwalimu ayafanyie nje.
8. Atakayejisikia vibaya: amwambie mwalimu. Asubiri katika chumba cha pembeni chenye dirisha wazi, pamoja na mtu mmoja anayekaa mbali naye kidogo, hadi ndugu zake au mhudumu wa afya afike. Jina lake lisitajwe mbele ya darasa.
9. Mwisho wa kipindi: kila mtu afute meza yake. C.P. aandike orodha ya waliokuwepo na aitunze kwa siku 21.

Orodha hiyo ya waliokuwepo si ya kuwaadhibu watu. Akipatikana mgonjwa, ndiyo itakayowaonesha wahudumu wa afya nani waliketi karibu naye, ili wengine wasisumbuliwe bure. Hilo nalo liandikwe chini ya karatasi, kwa maana huku kwetu watu wameona orodha nyingi, na wana haki ya kuuliza hii ni ya nini.

Kabla ya kubandika karatasi ya namna hiyo, mpe mtu mmoja asiyeiandika aisome kwa sauti, kisha mwulize kila mstari: nani afanye nini, saa ngapi? Mstari anaokwama ndio wa kuandikwa upya. Jaribio hilo linachukua dakika tano, halihitaji fedha, na idara yoyote ya lugha katika nchi hii inaweza kulifanya kwa ajili ya vituo vya mafunzo vilivyo jirani nayo.