Mvuto Unaopotelea Njiani

(Sauti: msumeno wa meza unakata ubao, kisha unazimwa.)

MTANGAZAJI: Leo tuko Juba, mtaa wa Juba na Bari, na tunazungumzia vumbi la mbao. Kijana anaweza kujifunza useremala kambini miezi sita, akapata kazi, halafu baada ya miaka michache akaanza kukohoa kila asubuhi. Karibu, fundi.

FUNDI: Asante, dada. Na si kikohozi tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ilikuwa mwaka 1995. Ni saratani ya puani na kwenye matundu ya mifupa ya uso. Mtiki huu wa kwetu Equatoria, mbao nzuri kabisa, vumbi lake huwasha ngozi na kwa wengine huleta pumu.

MTANGAZAJI: Lakini karakana nyingine siku hizi zina mashine ya kunyonya vumbi. Mbona bado sakafu imejaa ungaunga?

FUNDI: Kwa sababu mashine ni nusu ya kazi. Msaada unapokuja, kwenye risala hutajwa mashine, mabomba hayatajwi. Basi watu huchukua ule mpira wenye mikunjo, huvuta mita nane au kumi kutoka kwenye mashine hadi kwenye randa, wakauacha ukizungukazunguka chini kama nyoka. Feni inanguruma, ila mvuto haufiki. Unapotelea njiani.

MTANGAZAJI: Mpira una kosa gani?

FUNDI: Pitisha kidole ndani yake. Utahisi mikunjo, mmoja baada ya mwingine. Hewa inajikwaa kwenye kila mkunjo. Kwa makadirio ya mafundi, mita moja ya mpira hula mvuto kama mita mbili au tatu za bomba laini. Ukiuacha haujanyooshwa, mikunjo inabanana na hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mpira uwe wa mwisho tu, pale unapohitaji kupindika: mita moja, ikizidi sana moja na nusu. Njia yote iliyobaki iwe bomba gumu. Hata lile la plastiki la maji machafu linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi linafaa.

MTANGAZAJI: La inchi 4 ni rahisi kulipata.

FUNDI: Ni rahisi, na kwa mashine moja ndogo linatosha. Ila watu huona inchi 4 na inchi 6 ni karibu sawa. Sivyo. Tundu la inchi 6 lina nafasi zaidi ya mara mbili ya tundu la inchi 4. Kama mdomo wa feni yako ni inchi 6, usiubane kuwa inchi 4 hapohapo kwenye feni. Njoo na inchi 6 hadi karibu na msumeno, ndipo upunguze.

MTANGAZAJI: Basi niweke kubwa zaidi, inchi 8, nimalize kazi?

FUNDI: (Anacheka.) Hapana, dada. Angalia mto wetu hapa Juba. Pale unapotanuka, maji hupoa mwendo na mchanga hutua. Ndani ya bomba ni vivyo hivyo. Vumbi la mbao na maranda yanahitaji hewa inayokwenda kama mita 20 kwa sekunde. Ikipungua sana, yanalala chini ya bomba, siku kwa siku, hadi bomba linaziba. Ukiligonga likatoa sauti nzito badala ya mlio wa wazi, ujue limeanza kujaa.

MTANGAZAJI: Na kona?

FUNDI: Kona chache iwezekanavyo. Badala ya kona moja kali ya nyuzi 90, weka mbili za nyuzi 45 na kipande kifupi katikati. Tawi la bomba liingie kwa mshazari, likielekea hewa inakokwenda, kama njia ndogo inavyoingia barabara kuu bila kulazimisha gari kusimama. Na pale bomba moja linapoingia ndani ya lingine, ncha iliyo ndani ielekee kwenye feni, la sivyo maranda yatakwama kwenye ukingo.

MTANGAZAJI: Viungo tubandike kwa gundi?

FUNDI: Usibandike. Siku bomba likiziba utalifunguaje? Weka skrubu fupi mbili, halafu zungushia utepe wa kubandika. Mdomo wa mashine na bomba visipolingana, kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, uvalishe pande zote mbili, ufunge kwa bangili za chuma. Gereji za bodaboda wanatupa mipira hiyo bure. Mimi naona unabana vizuri kuliko viungo vingine vya dukani.

MTANGAZAJI: Karakana yenye mashine tatu na feni moja ifanye nini?

FUNDI: Kila tawi liwe na kilango cha bati cha kuteleza. Fungua cha mashine unayotumia, funga vingine. Vyote vikiwa wazi, mvuto unagawanyika na hakuna anayepata. Kisha jaribu: washa feni, shika uzi mdomoni mwa kila bomba, halafu upitishe kwenye kila kiungo. Uzi ukivutwa ndani kwenye kiungo, hapo pana tundu.

MTANGAZAJI: Kuna wanaosema mabomba ya plastiki hurusha cheche.

FUNDI: Vumbi likisugua plastiki, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu, umeme hujikusanya na unaweza kukurusha mkono. Ndani ya mpira kuna waya uliozungushwa. Menya ncha yake, iguse chuma cha mashine iliyounganishwa na ardhi. Lakini hatari kubwa zaidi ni msumari. Msumeno ukipiga msumari kwenye ubao wa zamani, cheche inanyonywa hadi kwenye gunia na kukaa humo kimya kwa saa nyingi ikifuka. Karakana nyingi zina watu wanaolala nyuma ya ukuta. Gunia limwagwe nje kila jioni, mbali na bati na mahema, kabla ya kufunga mlango.

(Sauti: feni inawashwa. Muziki.)