SI KILA HOMA NI MALARIA

Katika soko la Keroka na mashamba ya Borabu, mtu akishikwa na homa husema mara moja, "Ni malaria." Hununua vidonge dukani, akameza, akarudi kuchuma majani chai. Pengine amepoteza fedha bure, na ugonjwa wenyewe bado unaendelea.

Homa ni dalili kwamba mwili unapigana na ugonjwa. Malaria huletwa na mbu. Mafua na surua huletwa na virusi, ambavyo ni vidogo mno. Dawa ya malaria haiui virusi, wala dawa za kuua bakteria haziviui. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe kwa siku chache.

Utajuaje basi? Kwa kumtazama mgonjwa tu huwezi kujua. Katika nchi hii ya milima malaria huja kwa vipindi, hasa baada ya mvua nyingi, na hata watu wazima hawana kinga ya kutosha. Kwa hiyo mpeleke mgonjwa akapimwe damu siku ile ile. Tone moja la kidole latosha.

Ikionekana kwamba ni homa ya virusi, fanya hivi:

1. Mgonjwa apumzike, aache jembe.
2. Anywe maji yaliyochemshwa na uji mwepesi mara kwa mara. Mtoto mchanga anyonyeshwe zaidi.
3. Avae nguo nyepesi. Usimfunike mablanketi mengi.
4. Apewe parasetamoli kwa kipimo alichoambiwa. Usimpe mtoto aspirini.

Mrudishe hospitali upesi akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akipata degedege, akikaza shingo, akipumua kwa shida, akitoka damu, au homa ikizidi siku tatu. Mtoto wa chini ya miezi miwili asingojwe hata kidogo.

Wafugaji nao waangalie. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, ni ya virusi, nayo hutoka kwa mifugo ikaingia kwa watu. Kondoo au ng'ombe wengi wakitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu. Mwite afisa wa mifugo. Chemsha maziwa, wala usile nyama ya mnyama aliyekufa.

Surua ina chanjo. Mpeleke mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kinga ni bora kuliko tiba.