Mwalimu wa Ludgrove na Mpira wa Katanga

Waulize vijana wa Kikula, hapa Likasi, nani aliyeleta mpira Katanga. Wengi watakujibu: Union Minière. Hawajakosea sana. Kampuni hiyo ya madini ilijenga kambi kama Panda, na palipo na kambi hapakosi uwanja. Lakini aliyewapanga watoto, akawafundisha sheria na kupuliza filimbi, mara nyingi alikuwa mwalimu. Mwalimu wa namna hiyo ana babu yake Uingereza, katika enzi ya Malkia Victoria, na mfano wake bora kwangu ni Gilbert Oswald Smith.

Smith alizaliwa Croydon mwaka 1872. Alisoma shule ya Charterhouse, kisha Chuo cha Keble, Oxford. Alikuwa mwembamba, si mtu wa vikumbo, na kupiga mpira kwa kichwa hakukupenda. Hata hivyo ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa kati wa Uingereza: mechi 20, mabao 11, manne kati yake katika mechi moja ya mwaka 1899, Ireland ilipofungwa 13–2. Klabu yake, Corinthian, iliundwa mwaka 1882, na wachezaji wake hawakupokea mshahara. Hao ndio tunaowaita wachezaji wa ridhaa.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Mwaka 1885 chama cha mpira cha Uingereza kiliruhusu wachezaji walipwe, na watoto wa wafanyakazi wa viwandani wakaupokea mshahara huo kwa mikono miwili. Wana wa matajiri walijivunia kucheza bure. Tuseme wazi: ni rahisi kukataa fedha za mpira kama nyumbani kuna fedha nyingine. Mtu anayetoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha Shituru hawezi kuambiwa kwamba kulipwa ni aibu. Ridhaa ilikuwa na uzuri wake, lakini ilikuwa pia ukuta kati ya tabaka na tabaka.

Smith hakuusimamisha ukuta huo mbele ya wenzake. Steve Bloomer wa Derby County, mchezaji wa kulipwa, alikumbuka baadaye jinsi Smith alivyowapa mkono akina Bloomer kwa namna iliyoonyesha kwamba amefurahi kweli kukutana nao. Lingekuwa jambo la kawaida, Bloomer asingelikumbuka.

Mwaka 1896 Smith akaenda kufundisha Ludgrove, shule ndogo ya wavulana iliyoanzishwa miaka minne kabla na Arthur Dunn, naye pia mchezaji wa zamani wa taifa. Siku za juma alikuwa darasani. Jumamosi alikuwa uwanjani. Hebu mfikirie mtoto wa miaka 10 akipokea daftari lake lililosahihishwa na nahodha wa Uingereza! Dunn alipofariki mwaka 1902, Smith na William Oakley, beki wa taifa, walichukua ukuu wa shule pamoja. Smith aliacha mpira mkubwa akabaki na shule. Kwake mpira ulikuwa sehemu ya malezi, na malezi yalitangulia.

Wazo hilo lilisafiri na walimu wa misheni. Zanzibar, wanafunzi wa Kiungani, shule ya misheni ya Waanglikana, walicheza mpira tangu karne ya 19. Katanga lilikuja kwa Wabelgiji. Mwaka 1939, katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, watawa Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface waliunda timu ya wanafunzi wasiokuwa wakiandaliwa upadri. Wakaiita Saint-Georges. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya tatu. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul.

Kisha timu ikaanza kuchukua wachezaji kutoka nje ya shule, na wanafunzi wakaanza kushindwa masomo. Watawa wakajitoa. Nadhani Smith angewaelewa: kama mpira unamharibia mtoto masomo, mwalimu anaushika mkono wa mtoto. Ila timu haikufa kwa kukosa walimu wake. Ilichukua jina la Englebert, chapa ya matairi, ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Leo inaitwa TP Mazembe.